Jumamosi, Jua Likishatua

Minnesota, Marekani
Jumatano, katikati ya Novemba

Mke wangu mpendwa, Mama Nekesa,

Nianze na goti lako, maana najua ukiandika utalificha. Je, dawa uliyopewa inafanya kazi, au bado unashuka ngazi za kanisa kinyumenyume? Na mahindi je? Yamekwisha kuvunwa, au mvua ya mwisho imeyakuta yamesimama shambani? Usimruhusu mtu yeyote kuyaingiza ghalani kabla hayajakauka. Mwaka juzi tuliharakisha, nasi tukala ukungu. Ng'ombe mweusi amezaa? Nijibu moja baada ya jingine, usiruke swali.

Sisi huku tu wazima. Nekesa anafanya kazi hospitalini kwa zamu, mumewe ni mtu mwenye adabu, na wajukuu wamejifunza kumwita babu yao Kuka bila kucheka. Theluji ya kwanza imekwisha kuanguka. Nguo ninazovaa ili nitoke nje nichukue gazeti zingetosha kuwavisha waimbaji wote wa safu ya mbele pale kanisani.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua ilhali tulizungumza kwa simu Jumapili. Nekesa pia amenicheka. Lakini kuna jambo ambalo ulimi wangu haukuweza kulitamka kwenye simu, nami nilitaka ulisome ukiwa umeketi, miwani machoni, bila mimi kukukatiza. Nina habari ya ushindi. Mdogo wangu Yona atakuja Myanga, kwa mama. Nimeiandika sentensi hiyo mapema kwa sababu nakujua: ungeanza kusoma ukurasa wa mwisho. Sasa rudi hapa, usome kwa utaratibu.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa Septemba Nekesa aliona kwamba nashinda nyumbani nikimsahihisha kila mtu, hata watangazaji wa redio, akanipeleka kwenye maktaba ya mtaa wao. Ukutani palikuwa na tangazo la darasa la bure kwa wazee, kila Jumanne asubuhi, kuhusu chanzo cha Ukristo. Niliyasoma maneno hayo ya kwanza, nikaridhika. Niliamini ni mafundisho kama yetu ya Jumatano. Jumanne iliyofuata nilivaa suti ya kijivu na tai, nikabeba Maandiko na kitabu cha nyimbo, nikaketi safu ya mbele. Mwalimu alipoingia nilisimama, nikajitolea kufungua kwa sala. Watu waligeuka kunitazama kana kwamba nimeingia na mbuzi.

Mwalimu mwenyewe ni mama mfupi wa umri wangu, mwenye nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Anaitwa Profesa Rivka. Ni Myahudi, na maisha yake yote ameyatumia kufundisha historia. Aliniambia kwa upole kwamba nikitaka kuomba niombe moyoni, wao wangeanza na ramani. Ndipo nilipolisoma tangazo hadi mwisho: chanzo cha Ukristo kwa macho ya wanahistoria Wayahudi. Wengi waliokuwa wameketi nyuma yangu walikuwa Wayahudi, wazee kama mimi. Ningeweza kuondoka. Lakini unanijua, sijawahi kutoka darasani kabla ya kengele, nami nilijiambia kwamba nitakaa ili niwasahihishe.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Profesa Rivka haamini kwamba Yesu ndiye Masihi, wala hakujifanya anaamini. Alisema kazi yake si kumwondolea mtu imani wala kumpa, bali kuuliza mambo yalikuwaje siku zile, na Wayahudi waliyaonaje. Kisha akatuonyesha mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma tangu utotoni bila kuyaona. Kwamba Yesu alizaliwa na mama Myahudi, akatahiriwa siku ya nane, akasali katika sinagogi, akapanda kwenda Yerusalemu wakati wa sikukuu kama jirani zake wote. Kwamba alipobishana na Mafarisayo, walibishana kama wazee wa ukoo mmoja wanaogombea mpaka wa shamba, kila mmoja akitaja maneno ya babu yuleyule. Kwamba baada ya kifo chake wafuasi wake waliendelea kwenda Hekaluni, na hakuna hata mmoja wao aliyedhani kwamba ameanzisha dini mpya. Walidhani dini yao ya zamani ndiyo imefika kilele chake.

Mimi nilibisha kila Jumanne. Na Jumanne ya tatu nilivuka mpaka. Profesa alikuwa akieleza kwamba msalaba ulikuwa adhabu ya Warumi, na kwamba gavana wa Kirumi ndiye aliyetoa hukumu. Nilisimama nikasema, kwa ile sauti ya darasani unayoijua, kwamba kila mtoto anayehudhuria mafundisho ya Jumapili anajua kuwa Wayahudi ndio waliomuua Yesu. Jambo hilo nimelifundisha kwetu Kitale kwa miaka mingi na halikuwahi kupingwa.

Hakuna aliyefoka. Karibu nami huketi mzee anayeitwa Lev, fundi wa saa, mzaliwa wa Ulaya ya Mashariki. Yeye ndiye hunishikia kiti nikichelewa. Alivua kofia yake, akaivaa tena.

"Hilo nililisikia nikiwa na miaka saba," alisema. "Walilisema kwanza, kisha wakaokota mawe."

Halafu akanisogezea kikombe changu cha chai kana kwamba hakusema kitu.

Ndipo Profesa alipofafanua jambo ambalo sitalisahau. Maneno mengi makali tunayoyasoma dhidi ya Wayahudi, alisema, yaliandikwa na Wayahudi dhidi ya ndugu zao, wakati nyumba ilipokuwa ikigawanyika. Ndugu humwita ndugu yake nyoka, na kesho yake hukutana naye kisimani. Lakini maneno hayo yalipookotwa na wageni ambao hawakuwa wa nyumba ile, yaligeuka silaha, na watu waliuawa kwayo karne baada ya karne. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikumsahihisha mtu yeyote siku ile, hata Nekesa akanipima joto la mwili.

Jumanne iliyofuata nilimwomba Lev msamaha mbele ya wote, kwa kuwa kosa lilitendwa mbele ya wote. Alinijibu niketi, chai inapoa. Tangu siku hiyo nilianza kusikiliza, na nilipoanza kusikiliza niligundua kwamba somo lile nililijua kuliko nilivyodhani.

Tulipofika kwa mtume Paulo, kwa mfano. Ugomvi mkubwa wa mwanzo wa wafuasi, Profesa alisema, ulikuwa huu: mgeni asiye Myahudi akitaka kuingia nyumbani, je, ni lazima atahiriwe? Wenzangu waliandika tu. Mimi nilicheka peke yangu. Aliponiuliza sababu, nilimjibu kwamba mtu wa Bungoma hahitaji kufundishwa ugomvi huo. Nilieleza kwamba makanisa yalipofika kwetu, swali lililozigawa nyumba nyingi halikuwa la mbinguni wala la jehanamu. Lilikuwa ikiwa mtoto wa muumini atatahiriwa alfajiri, amepakwa matope ya mtoni, ukoo ukimwimbia, au atatahiriwa kimyakimya hospitalini. Babu yangu hakumsemesha baba kwa misimu miwili ya mavuno kwa sababu mimi nilipelekwa hospitalini. Baba hakuwa ameacha kuwa Mbukusu. Babu hakuwa amemkataa Mungu. Kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye anayeilinda nyumba.

Profesa Rivka alivaa miwani yake ili anitazame vizuri. Alisema kwao kuna wanahistoria wanaomwona Paulo kuwa ndiye aliyeijenga nyumba mpya, na wengine wanaosema alikufa akijihesabu Myahudi kamili, nao hawajamaliza kubishana. Alitamani wote wangekutana na babu yangu.

Sasa nakuomba usome polepole.

Jumanne moja mwishoni mwa Oktoba tulisoma habari za mazishi ya Yesu. Nimezisoma mbele ya watu kila Pasaka kwa miaka arobaini. Profesa aliuliza swali moja tu: kwa nini walikuwa na haraka? Kisha akajibu mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa na jua lilikuwa linashuka, na siku ya Kiyahudi huanza jua linapotua. Sabato ilikuwa mlangoni, na siku ya Sabato Wayahudi hawaziki. Kwa hiyo walimlaza upesi katika kaburi lililokuwa karibu. Wale wanawake waliokuwa na manukato wakakaa nyumbani siku nzima, wakipumzika kama walivyoamriwa, ingawa mioyo yao ilikuwa kaburini. Sabato ilipokwisha wakaenda. Hiyo, alisema, ni familia ya Kiyahudi katika msiba, na ingekuwa hivyohivyo katika nyumba ya jirani yao yeyote.

Niliyafunga Maandiko yangu. Wanawake wale sikuwaona tena. Nilimwona Yona.

Unaikumbuka wiki ile, miaka kumi na tisa iliyopita. Baba alifariki Jumatatu pale Myanga. Mdogo wangu alikuwa ameliacha kanisa letu na kuingia katika kanisa linaloshika Jumamosi. Alifika kutoka Ndalu siku hiyohiyo, akapiga magoti mbele yangu, mimi nikiwa kifungua mimba. Aliomba tumzike baba Ijumaa, au Jumapili, au siku yoyote ile, ila si Jumamosi. Nami niliwatangazia wote kwamba kanisa halina nafasi siku nyingine, na kwamba mazishi kwetu ni Jumamosi, watu wakiwa wametoka kazini, tangu lini ikawa vingine? Ulinisikia nikisema hivyo. Ulikuwa unapepeta maharagwe, ukaniamini.

Sehemu usiyoijua ni hii. Mchungaji wetu wa wakati ule alikuwa amenijia Jumatano jioni, nyuma ya zizi. Aliniambia kwamba Ijumaa yeye yuko tayari, jeneza liko tayari, kaburi litakuwa tayari, naye angependelea siku hiyo ili mtoto asikose mazishi ya baba yake. Nilikataa. Nilimwambia kwamba nyumba ya baba haitapangiwa siku na mtoto wa pili. Mchungaji yule amekwisha kufariki, nami nimeishi na siri hiyo, nikidhani niko nayo peke yangu. Sikumzika baba Jumamosi kwa sababu ya kanisa. Nilimzika Jumamosi ili Yona ashindwe.

Na alishindwa. Siku ile aliketi katika boma la jirani, ng'ambo ya ua wetu, amevaa nguo zake za ibada, akazisikiliza nyimbo zetu zote. Kaburini alifika jua lilipotua, peke yake. Nilimwona kutoka dirishani kwa mama. Nilivuta pazia. Siku ya tatu, yule mzee wa kumuse tuliyemwita kutoka Kamukuywa ausimulie ukoo wetu na kuwapatanisha waliobaki, aliwatazama waliokaa, akauliza mtoto wa pili yuko wapi, kisha akaitia fimbo yake kwapani. Alisema hawezi kuusimulia ukoo ambao mtoto wake mmoja yuko nje ya ua. Aliondoka bila kula. Wewe ulimfuata na sahani hadi barabarani. Baba amelala bila kumuse hadi leo, na mama yangu, ambaye macho yake hayaoni tena na humtambua mtu kwa kikohozi chake, amebaki na ombi moja tu, kutusikia sote wawili tukila katika chumba kimoja kabla hajamfuata baba.

Nililifikiria jambo hilo wiki nzima. Katika somo la mwisho kila mmoja wetu alipewa dakika kumi aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi nyumba moja ilivyogeuka kuwa nyumba mbili. Nilikuwa nimeandika kurasa sita, kwa aya zilizopangwa vizuri. Asubuhi ile niliziacha mezani makusudi, nikachukua mwavuli mrefu wa Nekesa.

Niliwaomba wasogeze viti wakae duara. Niliwaeleza kwamba kwetu mtu mkubwa akifa, msemaji hutembea katikati ya watu akiwa na fimbo, akiusimulia ukoo tangu mwanzo, na hakuna ruhusa ya kukatiza njia yake wala kuondoka kabla hajamaliza. Kisha nikatembea. Sijawahi kuzungumza vile, Mama Nekesa. Nilianza na Ibrahimu na watoto wake, nikashuka nao kizazi kwa kizazi hadi Galilaya. Nilisema jinsi Warumi walivyoliteketeza Hekalu, na watoto wa nyumba ile wakabaki wamesimama juu ya majivu na swali moja: sasa tutakaa wapi? Wengine walisema, tutakaa katika Sheria na kuisoma mchana na usiku, nao wakawafuata marabi. Wengine walisema, tutakaa katika huyu aliyesulubiwa, nao wakawa kanisa. Kila upande ukasema, mimi ndimi kifungua mimba.

Nilisema pia kwamba hawakutengana siku moja. Vizazi vingi baadaye bado walikula sikukuu pamoja, hata wahubiri wakawafokea waumini wao kwa kwenda kuisikiliza pembe ya sinagogi ikipulizwa. Wakubwa walikuwa wamekwisha kutengana. Majirani walikuwa hawajapata habari. Halafu mmoja wa ndugu hao, lile kanisa, akapata mfalme wa Kirumi, na aliyepata mfalme akamfungia mwenzake mlango.

Hapo nilisimama. Niliukita mwavuli sakafuni.

"Najua jinsi mlango huo unavyofungwa," nilisema, "kwa sababu mimi nimewahi kuufunga."

Nikawaeleza Jumamosi ya Myanga, na Ijumaa niliyoificha. Mke wangu, niliwaambia wageni, tena kwa Kiingereza, jambo ambalo sikuwahi kukuambia wewe kwa lugha yoyote. Ndiyo sababu ya barua hii. Sikutaka ulisikie kwa Nekesa.

Lev alikuwa wa kwanza kusimama, kisha wote wakasimama. Walipiga makofi hadi mhudumu wa maktaba akachungulia mlangoni, nawe unayejua jinsi ninavyochukia kelele maktabani utastaajabu kwamba sikumwomba mtu yeyote anyamaze. Profesa Rivka alisubiri watulie. Alisema maisha yake yote amewaeleza wanafunzi kwamba ule haukuwa ugomvi wa dini mbili, ulikuwa ugomvi wa nyumba, lakini hajawahi kumsikia mtu akiueleza kutoka ndani ya nyumba. Kisha akaniuliza kama ndugu yangu yu hai. Nikajibu kwamba yu hai, analima Ndalu.

"Basi kwa nini unatuambia sisi?" aliuliza.

Nilikuwa navaa koti langu aliponijia na neno jingine. Alisema kuna wanahistoria wanaodhani kwamba wale wafuasi wa kwanza waliishika Sabato pamoja na Wayahudi wenzao, na jua lilipotua, Sabato ikiwa imekwisha na siku ya kwanza ya juma imeanza, walikutana wakamega mkate. Si wote wanaokubali, akaongeza, maana hawezi kusema jambo bila kuliwekea pembeni wanaolipinga. Lakini kama ndivyo ilivyokuwa, saa ile ilikuwa ya wote.

Kesho yake nilimpigia Yona. Huku ilikuwa asubuhi, kwenu jioni. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Nani?"

"Elija."

"Elija gani?"

"Wa Myanga. Ndugu yako."

"Ah, Mwalimu. Ule alinizika pamoja na baba."

Sikujitetea. Nilimweleza Ijumaa, zizi, mchungaji, maneno yangu yote kama nilivyoyasema siku ile.

"Nilijua," alisema. "Mchungaji aliniambia kabla afe. Hii miaka yote nilikuwa nangoja nione kama utasema mwenyewe."

Mama Nekesa, yeye alijua. Alijua kila Krismasi alipomletea mama unga na kuondoka kabla sijafika. Alijua, wala hakumwambia mtu.

Nilimwambia habari za darasa. Nilimweleza kwamba wafuasi wa kwanza waliishika Jumamosi, na kwamba nimeambiwa hivyo na mama Myahudi ambaye hana sababu ya kumpendelea. Alicheka kwa mara ya kwanza.

"Kwa hivyo umevuka bahari uende uambiwe kitu nilikuambia bure hapa Myanga?"

"Alisema pia kwamba walikutana siku ya kwanza ya juma."

"Si basi tumetoka sare."

"Inaonekana hivyo."

"Wewe? Ukubali sare? Mwalimu, hiyo baridi imekuingia kwa kichwa, bana."

Ndipo nilipomwekea ombi langu. Mwezi wa Disemba nikirudi, tukutane Myanga kwa kumbukumbu ya baba. Tukutane Jumamosi, lakini jua likishatua, Sabato yake ikiwa imekwisha. Tule pamoja kwa mama, na Jumapili asubuhi mzee wa kumuse ausimulie ukoo, sote wawili tukiwa tumeketi. Aliniuliza mara moja kuhusu kanisa langu, maana hata yeye anajua kwamba sijakosa ibada ya Jumapili tangu nibatizwe. Nilimjibu kwamba Jumapili hiyo watasali bila mimi. Yeye alinyimwa mazishi ya baba kwa sababu ya Jumamosi yake. Mimi naitoa Jumapili yangu kwa hiari.

Nilisikia akiwafukuza kuku mlangoni.

"Nitakuja jua likishatua," alisema. "Lakini usinivutie pazia, kaka."

Nilidhani hakuniona. Miaka kumi na tisa nilidhani hakuniona. Lakini sikia neno la mwisho alilolisema, Mama Nekesa. Hajaniita hivyo tangu tulipombeba baba kumpeleka hospitalini. Nimeshinda mabishano mengi maishani, kwenye mikutano ya walimu na vikao vya wazee wa kanisa, na hakuna hata moja lililonipeleka dirishani kuiimbia theluji. Hili nililoshindwa ndilo limenifanya niimbe wimbo wa mavuno hadi mkwe wetu akashuka kuuliza kama kuna habari mbaya.

Usiwe na hofu kuhusu imani yangu, kwa maana najua mtu atakuuliza. Mimi bado ni Mkristo, na Profesa Rivka bado ni Myahudi. Tuliagana kwa kushikana mikono, kila mmoja akiwa na lake. Ila nikirudi nitaomba nafasi ya kuwafundisha tena watoto wa Jumapili lile somo la kifo cha Yesu, na safari hii nitalifundisha sawasawa. Wale niliowafundisha vibaya sasa wana watoto wao, lakini Kitale si kubwa; nitawatafuta.

Mama nimemweleza kwa simu. Hakulia. Aliagiza kwamba kila mmoja wetu akohoe anapoingia mlangoni, ili ajue kweli ni wawili.

Sasa fanya haya. Ng'ombe achinjwe Ijumaa mchana, na nyama iive kabla ya jua kutua, ili Jumamosi pasiwashwe moto wa kupikia mpaka jioni, na mtu wa Yona asikwazike. Tuma ujumbe Kamukuywa. Mzee wetu wa kumuse hayupo tena, lakini mwanawe ameirithi fimbo. Mwambie kwamba safari hii hakuna mtoto aliye nje ya ua, na kwamba sahani ya baba yake bado inamngoja.

Kama una hasira nami kwa kuificha Ijumaa ile, unayo haki. Niandikie, usinizimie simu. Nitasoma kila neno wala sitasahihisha hata nukta.

Nisalimie mchungaji wetu wa sasa, umweleze mapema kuhusu Jumapili ile asije akatangaza kwamba naumwa. Nisalimie jirani anayetukamulia ng'ombe, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwalimu mkuu aliyeshika nafasi yangu, na shemeji yako, mke wa Yona, ambaye alikutumia mbegu za maharagwe kila msimu nikajifanya sijui zilikotoka.

Jambo la mwisho. Utakapofika Myanga kuandaa nyumba, nenda kwenye dirisha lile la mama linaloelekea kaburini. Utakuta pazia. Usilifue, wala usiweke jingine. Liondoe.

Mumeo,
Elija